Malezi, Matunzo, Uangalizi: Istilahi za Kumwombea Mjukuu Aliye Mikononi mwa Serikali

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kutumika kwa miaka mingi katika mahakama za mwanzo, lakini sheria nyingi, pamoja na hukumu za mahakama za juu, ziliandikwa kwa Kiingereza. Tangu marekebisho hayo, wafasiri, walimu na watumishi wa umma wamejikuta wakitakiwa kutoa maneno ya Kiswahili kwa dhana ambazo hapo awali zilisemwa kwa Kiingereza tu.

Katika makala haya tutachambua eneo moja dogo la kazi hiyo, nalo ni istilahi zitumikazo wakati bibi au babu anapoomba akabidhiwe mjukuu wake ambaye amewekwa katika matunzo ya Serikali. Tumelichagua eneo hili kwa sababu mbili. Kwanza, waombaji wa namna hii mara nyingi ni wazee ambao Kiingereza si lugha yao, na barua wanayopewa ofisini yaweza kuwa ndiyo njia yao pekee ya kujua haki waliyo nayo. Pili, Kiingereza hutumia neno moja, yaani 'custody', mahali ambapo Kiswahili kina maneno manne au matano, kila moja na maana yake. Hoja yetu ni kwamba neno hilo lisipewe tafsiri moja ya kudumu. Mfasiri hana budi kujiuliza kwanza: hapa kinachokabidhiwa ni nini hasa?

HALI YENYEWE KISHERIA

Yafaa tuanze na jambo lenyewe kabla ya maneno yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, itumikayo Tanzania Bara, yasema kuwa mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Sheria hiyo yampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake, lakini pia yairuhusu mahakama kumwondoa mahali ambapo anaumizwa au yaelekea ataumizwa. Mahakama ikitoa amri ya namna hiyo, afisa ustawi wa jamii humchukua mtoto na kumtafutia mahali panapofaa. Mahali hapo si lazima pawe makao ya watoto. Mtoto aweza kuwekwa kwa mtu wa kuaminika aliyekubaliwa, au nyumbani kwa mzazi, mlezi au ndugu yake. Tena amri yenyewe si ya milele. Ina muda wake, na mahakama yaweza kuibadili.

Hivyo bibi anayefika ofisini kumuulizia mjukuu wake aweza kuwa anaomba mojawapo ya mambo manne yaliyo tofauti. Aweza kuomba mtoto akae kwake huku Serikali ikiendelea kuwa na mamlaka juu yake. Aweza kuiomba mahakama imkabidhi yeye malezi ya mtoto. Aweza kuomba apewe nafasi ya kumwona tu. Au aweza kuomba amfanye mtoto kuwa wake kabisa kisheria. Mambo haya manne yana masharti tofauti na matokeo tofauti. Yakitajwa kwa neno moja, mwombaji hataelewa ni lipi alilonyimwa wala ni lipi ambalo bado laweza kuombwa.

ULINZI NA DHAMANA

Tafsiri ya haraka ambayo hukutwa katika maandishi ni kusema kwamba mtoto yuko "chini ya ulinzi wa Serikali". Maneno haya yanaonekana mazuri, kwa kuwa kulinda ni jambo jema. Lakini kwa msemaji wa Kiswahili wa kawaida, mtu aliye chini ya ulinzi ni mtu aliyekamatwa. Polisi wamwambiapo mtu "uko chini ya ulinzi", hawakusudii kumpa hifadhi. Bibi akiandikiwa barua yenye maneno hayo atadhani mjukuu wake ametenda kosa, na huenda akatafuta wakili wa kesi ya jinai, au akaogopa kabisa kwenda kuuliza.

Chanzo cha kosa hili ni neno lenyewe la Kiingereza, ambalo hutumika kwa mtoto aliyekabidhiwa mzazi na pia kwa mtuhumiwa aliye rumande. Kiswahili kimekwisha tenganisha mambo hayo: kwa mtuhumiwa tuna mahabusu, rumande na kizuizi, kwa mtoto tuna malezi na matunzo. Hakuna faida yoyote ya kuyaunganisha tena. Kumlinda mtoto asidhuriwe ni jambo jingine, na kitenzi "kulinda" chafaa sana hapo. Kinachokatazwa ni msemo "chini ya ulinzi".

Vivyo hivyo neno "dhamana". Wako wanaoandika kwamba bibi "amepewa dhamana ya mtoto". Katika fasihi ya viongozi neno hili lina maana ya jukumu zito, na maana hiyo ni halali. Lakini katika jengo la mahakama dhamana ni kile anachowekewa mtuhumiwa ili aachiwe. Mzee aliyeambiwa kuwa anatakiwa "kuchukua dhamana ya mjukuu" aweza kurudi kijijini kutafuta fedha au hati ya shamba, ilhali hakuna aliyemwomba kitu hicho.

UANGALIZI NA MATUNZO

Maneno haya mawili hutumika kana kwamba ni mamoja, nayo si mamoja. Kumtunza mtoto ni kumpa chakula, mavazi, malazi na tiba. Kumwangalia, kwa maana ya kazi ya ofisi, ni kufuatilia hali yake na kuhakikisha kwamba wengine wanamtunza ipasavyo. Sheria ya Mtoto inazo amri mbili zinazolingana na tofauti hiyo. Katika ya kwanza mtoto huondolewa alipo na mamlaka juu yake huhamia kwa afisa ustawi wa jamii. Katika ya pili mtoto hubaki nyumbani, na afisa hupita kutazama maendeleo yake.

Twapendekeza ya kwanza iitwe "amri ya matunzo" na ya pili "amri ya uangalizi". Yakibadilishwa, madhara yake ni makubwa. Bibi akiambiwa kwamba mjukuu wake yuko katika "uangalizi", hali mtoto amekwisha ondolewa nyumbani, atakaa akisubiri ziara ya afisa ambayo haitakuja. Na yule ambaye mjukuu wake yuko nyumbani chini ya amri ya uangalizi, akiambiwa kuwa mtoto yuko katika "matunzo ya Serikali", atadhani amenyang'anywa.

Hapa yafaa pia kutaja neno "yatima". Vituo vingi vimezoeleka kuitwa "vituo vya yatima", hata pale ambapo watoto wake wana mzazi aliye hai, au bibi, au babu. Jina hilo husema uongo juu ya mtoto, na huwafuta ndugu zake kabla hawajasikilizwa. Istilahi "makao ya watoto", ambayo imekwisha kubaliwa katika sheria na katika ofisi za ustawi, ni bora zaidi.

MALEZI NA ULEZI

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kitenzi "kulea" ndicho kinachobeba uzito wa jambo zima hili: kulisha, kufundisha adabu, kuonya, kuuguza, kumfikisha mtoto kwenye utu uzima. Kutokana na kitenzi hicho tunapata "malezi", yaani kazi yenyewe, na "mlezi", yaani mwenye kuifanya. Twaona kwamba "malezi" ndilo neno lifaalo kabisa kwa kile ambacho mahakama humkabidhi mzazi au ndugu. Mahakama "humkabidhi bibi malezi ya mtoto", na bibi "huomba malezi".

Wengine wamependekeza "ulezi" kwa maana ya hadhi ya kisheria ya mlezi. Kwa sarufi pendekezo hilo halina kasoro, kwa kuwa twasema mzazi na uzazi, mlinzi na ulinzi. Ila watumiaji wakumbuke kwamba "ulezi" pia ni nafaka, na kwamba tofauti ya ulezi na malezi haisikiki upesi katika masikio ya asiye mwanasheria. Ikilazimu kuitaja hadhi hiyo, ni wazi zaidi kusema "mamlaka ya mlezi".

Tatizo kubwa zaidi liko katika neno "mlezi". Katika maisha ya kila siku mlezi ni yeyote anayelea. Bibi aliyemlea mjukuu wake tangu alipoachishwa ziwa husema bila wasiwasi, "Mimi ndiye mlezi wake." Asemalo ni kweli. Lakini katika hati za mahakama "mlezi" aweza kuwa ni mtu mwenye kutambuliwa rasmi, na afisa humjibu, "Bibi, hati yako iko wapi?" Wote wawili wanasema Kiswahili sahihi, na hawaelewani. Twashauri kwamba mwenye hadhi ya kisheria aitwe "mlezi wa kisheria", na neno "mlezi" peke yake liachwe na maana yake ya kawaida. Neno moja kuongezwa katika fomu ni gharama ndogo kuliko mzee kurudishwa nyumbani.

Hatuna budi pia kutazama nyakati za vitenzi. Sheria ya Mtoto, inapotaja nani aweza kuomba malezi, inamtaja mzazi, mlezi, au ndugu ambaye anamlea mtoto. Je, bibi ambaye mjukuu wake alichukuliwa mwezi uliopita bado ni ndugu "anayemlea"? Au ni ndugu "aliyekuwa akimlea"? Kujibu swali hilo ni kazi ya hakimu, si ya mfasiri. Lakini mfasiri asipokuwa mwangalifu atakuwa amelijibu bila kukusudia: "anayemlea" laweza kumfungia bibi mlango, "aliyemlea" laweza kumfungulia, na "mwenye kumlea" laacha nafasi kwa mahakama kuamua. Kiambishi kimoja cha wakati chaweza kuwa na uzito sawa na kifungu kizima.

KAMBO NA KUASILI

Istilahi "malezi ya kambo" imekubalika kwa mpango wa kumweka mtoto kwa muda katika familia isiyo yake. Kwa kusudi hilo haina ubaya mkubwa, ingawa inabeba kivuli cha mama wa kambo wa hadithi za kale, ambaye hakuwa na sifa njema. Lakini istilahi hiyo isitumike kwa bibi na babu. Kambo katika Kiswahili ni uhusiano unaotokana na ndoa, si na damu. Mtoto wa kambo ni yule aliyekuja pamoja na mke au mume. Kumwita bibi mzaa mama "mlezi wa kambo" wa mjukuu wake ni kumvua ujamaa wake kwa kalamu. Kwa hali hiyo twapendekeza "malezi ya ndugu", maneno ambayo kila mtu anayaelewa bila kufafanuliwa.

"Kuasili" kumekwisha kaa mahali pake. Kamusi za zamani zilikuwa na "mtoto wa kupanga" kwa maana hiyo hiyo, lakini leo kupanga ni habari ya nyumba na chumba, na neno hilo limeachwa. Jambo la kuwaeleza waombaji ni matokeo yake. Mtoto akiasiliwa, kisheria huhesabiwa kama aliyezaliwa na aliyemwasili. Bibi akimwasili mjukuu wake, mjukuu huwa mtoto wake, na mama mzazi, kwa hesabu ya sheria, huwa kama dada wa mwanawe mwenyewe. Wazee wengi hawataki mvurugiko huo wa majina ya ukoo. Wanataka mtoto alelewe kwao na aendelee kumwita mama yake mama. Afisa asiyetenganisha kuasili na kukabidhiwa malezi aweza kumtisha bibi aache ombi ambalo lingekubaliwa.

Uingereza, ambako istilahi zetu nyingi za sheria zilitoka, nao wamepita katika taabu hiyo. Sheria yao ya Watoto ya mwaka 1989, iliyoanza kutumika mwaka 1991, iliacha kutumia neno 'custody' katika mashauri ya wazazi, ikasema badala yake mtoto atakaa na nani. Kuanzia mwaka 2005 wana pia amri ya mlezi maalumu, ambayo humpa ndugu kama bibi au babu mamlaka ya kulea bila kukata uhusiano wa mtoto na wazazi wake kama kuasili kunavyofanya. Ikiwa wenye neno wenyewe wameliweka kando, sisi hatuna sababu ya kulitafutia mrithi mmoja.

HADHANA NA UWALII

Wasomaji wa pwani na visiwani watakuwa wamekwisha kujiuliza kwa nini hatujataja "hadhana". Neno hili la fikihi limekuwa katika Kiswahili kwa muda mrefu, na hutumika katika mahakama za kadhi. Hadhana ni haki na wajibu wa kumlea mtoto mdogo kimwili: kumlisha, kumsafisha, kumlaza. Uwalii ni mamlaka juu ya mambo yake makubwa, kama vile mali na ndoa. Katika hadhana mama ndiye wa kwanza, na akikosekana hufuata bibi mzaa mama. Katika uwalii, kwa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, baba ndiye wa kwanza, kisha babu mzaa baba.

Hatupendekezi maneno haya yatumike kwa kila raia, kwa kuwa yana hukumu zake za dini. Lakini yanatufundisha jambo. Wazee wetu walikuwa wamekwisha tenganisha malezi na mamlaka, na wakampa kila mmoja, bibi na babu, nafasi yake. Mfasiri anayeunganisha mambo hayo mawili katika neno moja hafuati Kiswahili. Anafuata upungufu wa Kiingereza.

NDUGU, BIBI NA BABU

Kuhusu jamaa, Kiswahili kina upana ambao hati za sheria hazina budi kuufinya. Bibi ni mama wa mzazi, lakini pia ni dada yake, na katika heshima ni mwanamke yeyote mzee. Nchini Kenya, ambako Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imechukua mahali pa ile ya mwaka 2001, wengi husema "nyanya" kwa bibi. Katika hati isiandikwe "bibi wa mtoto" tu. Iandikwe "bibi mzaa mama", "bibi mzaa baba", au "dada wa bibi mzaa mama". Maneno hayo yako tayari katika lugha, na hayaachi shaka yoyote.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 125, yasema kuwa mahakama humweka mtoto kwa baba au mama. Na pakiwa na mambo ya pekee yanayofanya isifae kumkabidhi mmojawapo, yaweza kumweka kwa ndugu mwingine yeyote wa mtoto, au kwa chama chenye shabaha ya kuangalia ustawi wa watoto. Angalia kwamba ndugu ametajwa kabla ya chama. Hiyo ndiyo nafasi ya bibi na babu, nayo yafaa isomeke wazi.

MASLAHI AU USTAWI?

Kifungu hicho hicho chaiagiza mahakama itangulize jambo moja mbele ya yote, yaani hali njema ya mtoto, kisha itazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kuwa na maoni yake, na mila za jamii. Siku hizi jambo hilo la kwanza huandikwa "maslahi ya mtoto". Lakini maslahi, katika maneno ya kila siku, ni mishahara na marupurupu. Bibi akiulizwa, "Utazingatiaje maslahi ya mtoto?" hufikiri anaulizwa habari ya fedha, naye akijiona maskini hujibu kwa unyonge. Kumbe alitakiwa aeleze kwamba mtoto amezoea nyumba yake, kwamba shule iko karibu, na kwamba ndugu zake wa tumbo moja wanakaa hapo. "Ustawi wa mtoto" hueleza jambo hilo vizuri zaidi.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, uliopitishwa mwaka 1989 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1991, katika ibara ya 20 yahimiza kwamba mtoto aliyeondolewa katika familia atafutiwe malezi yenye kuzingatia mwendelezo wa makuzi yake, pamoja na kabila, dini, utamaduni na lugha yake. Lugha imetajwa. Bibi anayesema, "Nataka mjukuu wangu asisahau lugha ya kwetu," anatoa hoja ya kisheria, na karani asiione kuwa ni porojo ya uzeeni.

MAPENDEKEZO

Kwa muhtasari, twapendekeza matumizi haya:

(a) Mtoto "yuko katika matunzo ya Serikali". Asisemwe kuwa "yuko chini ya ulinzi".

(b) "Amri ya matunzo" kwa mtoto aliyeondolewa nyumbani; "amri ya uangalizi" kwa aliyebaki nyumbani na kufuatiliwa.

(c) "Kukabidhiwa malezi" kwa kile anachoomba bibi au babu mahakamani. "Malezi ya ndugu" kwa mpango wenyewe.

(d) "Mlezi wa kisheria" kwa mwenye hadhi rasmi. "Mlezi" kwa yeyote alelaye.

(e) "Haki ya kumwona mtoto" kwa ruhusa ya kumtembelea; isiandikwe "haki ya kumfikia mtoto".

(f) "Kuasili" kwa kumfanya mtoto kuwa wa mtu kisheria, na maana hiyo ielezwe kwa mwombaji kabla hajatia sahihi.

Tutoe mfano wa kubuni. Barua moja yaweza kusema: "Mtoto yuko chini ya ulinzi wa Serikali na wewe si mlezi wake, hivyo ombi la kumfikia halikubaliki." Barua nyingine, kwa hali hiyo hiyo, yaweza kusema: "Bibi, mjukuu wako yuko katika makao ya watoto kwa amri ya matunzo iliyotolewa na mahakama. Afisa ustawi wa jamii hawezi kuibadili amri hiyo peke yake. Unaweza kuiomba mahakama ikukabidhi malezi yake, au ikupe haki ya kumwona wakati shauri linaendelea. Ofisi hii itafika nyumbani kwako kuandika taarifa ya hali ya makazi." Ya kwanza ni fupi, na haimwelezi mzee lolote analoweza kufanya. Ya pili yampa njia mbili za kufuata, na yamjulisha nani ataamua.

Walimu wanaofundisha tafsiri wanaweza kuzitumia barua hizo mbili darasani. Watumishi wa umma nao wazitazame fomu walizo nazo mezani, na kila palipoandikwa "ulinzi wa mtoto" kwa maana ya matunzo au malezi, wajiulize ni lipi kati ya hayo lililokusudiwa, kisha waliandike hilo.